Oili ya Sintetiki: Je, Yafaa Gari Lililokwisha Tumika?

Miaka ya karibuni jina jipya limeingia katika gereji zetu, kutoka Kampala mpaka Gulu na Mbarara. Fundi akimaliza kumwaga oili chafu humgeukia mwenye gari na kumwambia, "Safari hii tutie sintetiki." Kopo lenyewe hupendeza macho, bei yake hushtua, na sifa zake husimuliwa kana kwamba ni dawa ya maradhi yote. Fundi wa gereji ya pili naye huapa kwamba oili hiyo ikiingia katika injini kuukuu itavuja kila upande, na kwamba ukishaitia huwezi kuirudia oili ya kawaida hata siku moja. Mwenye gari hubaki amesimama katikati, noti mkononi.

Jambo hili si dogo kwa ndugu zetu wa jeshini na polisi. Gari la askari aghalabu si jipya. Limenunuliwa kwa akiba ya miaka, pengine akiba iliyopatikana katika kazi ya kulinda amani Somalia, nalo lilikwisha tumika Japani kabla ya kupakiwa melini. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyoingia kabla ya hapo mengi yangali barabarani, na si ajabu kulikuta moja lililopita kilomita 200,000. Gari hilo ndilo liwapelekalo watoto shule, ndilo lichukualo magunia ya mama sokoni, na usiku ndilo limkimbizalo mgonjwa hospitali. Injini ikifa, fedha za kununua nyingine hazipo. Tena mara nyingi mwenye gari yuko kambini, mbali, na anayesimama mbele ya fundi ni mkewe. Makala haya yameandikwa hasa kwa ajili yake.

Kwanza tuielewe kazi ya oili. Ndani ya injini vyuma hupita karibu na vyuma vingine mara maelfu kwa dakika. Kinachovizuia visisagane ni utando mwembamba wa oili. Lakini oili haiteleshi tu. Hubeba joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, huziba nafasi ndogo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, huzuia kutu, na huokota masizi na chembe za chuma na kuzipeleka kwenye filta. Ndani yake mmetiwa dawa mbalimbali za kuifanyia kazi hizo, na dawa hizo huisha. Oili iliyokaa mno hupambana na joto na hewa mpaka ikageuka nzito, na mwisho huwa tope jeusi mfano wa lami.

Oili ya kawaida husafishwa kutoka mafuta ghafi yachimbwayo ardhini. Hata isafishwe vipi, chembe zake hubaki za ukubwa mbalimbali, na huwa na mabaki ya nta na salfa. Oili ya sintetiki hujengwa na wanakemia, chembe kwa chembe, hata zikalingana. Mama aliyewahi kuchagua maharage anaielewa tofauti hii. Maharage yaliyochaguliwa huiva pamoja. Yaliyomiminwa chunguni kama yalivyotoka guniani, mengine yameiva, mengine yangali magumu, na jiwe halikosi.

Ujuzi huu una asili ya kivita, na kwa hiyo wasomaji wetu wengi watapenda kuujua. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia Ujerumani haikuwa na visima vya kutosha vya mafuta, na wanakemia wake walikuwa wakitafuta njia ya kutengeneza mafuta ya kulainishia mitambo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1941 majeshi yake yalipokuwa Urusi, oili ya kawaida ilikuwa nzito kiasi kwamba askari waliwasha moto chini ya injini ili ziwake. Baada ya vita ndege za jeti zilihitaji oili iwezayo kustahimili joto kali na baridi ya angani, nayo oili ya sintetiki ikawa ndiyo chakula chao. Rubani mmoja wa ndege za kivita wa Minnesota, Marekani, Albert Amatuzio, aliyekuwa kamanda wa skwadroni, alijiuliza kwa nini kitu kinachofaa injini ya jeti kisifae gari. Mwaka 1972 kampuni yake ya AMSOIL ilitoa oili ya sintetiki ya magari iliyotimiza masharti ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi API. Miaka miwili baadaye kampuni ya Mobil ikaleta Mobil 1.

Habari ya kwamba sintetiki huvujisha injini nayo ilianzia siku hizo. Oili za mwanzo hazikupatana vema na sili za mpira; sili hazikutanuka kama zilivyozoea katika oili ya kawaida, na oili ikapata pa kupenya. Watengenezaji walikwisha rekebisha jambo hilo kwa kuongeza viungo vinavyoifanya mipira itanuke kwa kiasi chake. Sifa mbaya, hata hivyo, huishi kuliko kosa lililoizaa.

Yafaa pia ieleweke kwamba neno "sintetiki" juu ya kopo si neno la aina moja. Mwaka 1999, huko Marekani, Mobil iliishtaki Castrol mbele ya baraza la kusuluhisha matangazo ya biashara, ikidai kwamba oili ya Castrol iliyoitwa sintetiki ilitokana na mafuta ghafi yaliyogeuzwa sana kwa hidrojeni na joto, wala haikujengwa tangu mwanzo. Baraza liliamua kwamba Castrol ina haki ya kulitumia jina hilo. Tangu hapo makopo mengi ya sintetiki yauzwayo duniani yamejaa oili ya namna hiyo. Si oili mbaya hata kidogo. Nyingine ni nzuri sana. Lakini mnunuzi ajue kwamba jina peke yake halimwambii alichonunua.

Je, tunapata faida gani sisi wa huku? Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kililinganisha oili za aina zote mbili katika maabara, na kikaona kwamba kwa wastani sintetiki ilishinda kwa asilimia 47. Matokeo hayo tuyaheshimu. Lakini sifa ile inayotangazwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ya kutiririka katika baridi kali, haituhusu sana. Hata baridi ya asubuhi ya Kabale haigandishi maji. Kinachotuhusu ni joto. Gari likisimama saa nzima katika foleni ya Kampala, upepo hauligusi rejeta, na oili huchemka kimyakimya. Hapo sintetiki huchelewa kuharibika, hupungua kidogo zaidi kwa mvuke, na huacha uchafu mdogo. Mwenye injini ya turbo, ambayo joto lake ni kali zaidi, ana sababu njema ya kuitumia.

Adui wetu mkubwa, lakini, ni vumbi jekundu la barabara za murram, na kwa vumbi sintetiki haina dawa. Chembe ya mchanga iliyopita kwenye filta ya hewa iliyochanika husaga silinda katika oili ya bei kubwa sawasawa na inavyosaga katika oili ya bei ndogo. Mtu anayenunua sintetiki ilhali filta yake ya hewa hupigwapigwa ukutani na kurudishwa mwaka wa pili huo, huyo ananunua kofia ya hariri na miguu imo matopeni.

Sasa tuje kwenye kopo. Kabla ya kutafuta neno "sintetiki", tafuta namba. Namba kama 5W-30 au 15W-40 huonyesha uzito wa oili: ya kwanza, yenye herufi W, ni uzito wake injini ikiwa baridi; ya pili ni uzito wake injini ikiwa moto. Namba inayofaa gari lako imeandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi pia juu ya kifuniko cha mahali pa kutilia oili. Magari yetu mengi yana vitabu vya Kijapani tusivyoweza kuvisoma, lakini 5W-30 huandikwa 5W-30 hata huko. Usimruhusu mtu akutilie oili nyepesi kuliko ile iliyotajwa kwa kuwa tu ni sintetiki. Injini iliyolika ambayo imekuwa ikienda kwa 20W-50, ikipewa ghafla 0W-20, itapiga kelele na kunywa oili, na lawama itatupiwa sintetiki, kumbe kosa ni la namba.

Halafu tazama herufi za API. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. SP ilianza kutumika mwaka 2020. Kwa dizeli CI-4 ni ya mwaka 2002 na CK-4 ya mwaka 2016. Ukikutana na kopo la bei ndogo lenye herufi SF, fahamu kwamba API yenyewe husema oili hiyo haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Kwa maoni yangu, oili ya kawaida yenye namba sahihi na herufi za kisasa, ikibadilishwa kwa wakati, ni bora mara kumi kuliko sintetiki isiyojulikana ilikotoka.

Na gari la zamani je? Hapa ndipo penye shauri lenyewe, maana oili haiponyi injini. Kabla ya kutoa fedha, lipime gari lako kwa majuma mawili. Usiku tandaza katoni chini ya injini. Asubuhi itakuonyesha kama kuna tone na linatoka upande gani. Angalia kijiti cha kupimia oili kila Jumamosi, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa, uandike. Mwambie mtu asimame nyuma unapowasha asubuhi. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda. Oili ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha ingia, na safari yako ni ya kwa fundi wa gasketi, si ya dukani. Gari linalokunywa lita nzima kila kilomita 1,000 lisipewe sintetiki. Hiyo ni kumwaga mshahara barabarani. Liendelee na oili ya kawaida yenye uzito wake mpaka siku ringi na sili zake zitakapobadilishwa.

Baada ya hayo fungua kifuniko cha kutilia oili, umulike kwa tochi. Vyuma vikiwa na rangi ya chai kavu, hilo si neno. Vikiwa vimefunikwa na tope zito, ngoja kwanza. Tope si jambo la mzaha. Mwaka 2002 Toyota huko Marekani ililazimika kuongeza dhamana ya magari yapatayo milioni 3.3, ya miaka ya 1997 hadi 2002, kwa ajili ya malalamiko ya injini zilizojaa tope. Sasa, oili nzuri husafisha. Ikikuta tope jingi itaanza kulibandua, na vipande vyake vyaweza kwenda kuziba chujio lililo chini, pale pampu inapovuta oili. Injini ikakosa oili huku sufuria yake imejaa. Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi wasomaji wakatae desturi ya kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Dizeli hubandua kila kitu kwa mara moja, na masalia yake huipunguza nguvu oili mpya. Tope la miaka kumi liondolewe polepole, kwa oili ya kawaida iliyo njema ikibadilishwa kila baada ya kilomita 2,000, pamoja na filta, mara mbili au tatu. Likiwa ni jingi mno, sufuria ya chini ifunguliwe na isafishwe kwa mkono.

Lakini injini ikiwa nzima, haivuti moshi, haivuji, na ndani ni safi, basi kuhamia sintetiki ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Pasha injini moto kidogo, imwage oili ya zamani mpaka itone, badilisha filta, upake oili mpya kwenye mpira wa filta kabla ya kuifunga kwa mkono. Tia oili pungufu kidogo ya kipimo, kisha ongeza kwa kukifuata kijiti. Isizidi alama ya juu, maana oili iliyozidi hupigwa na vyuma vinavyozunguka ikawa povu, na povu halilainishi. Washa, hakikisha taa ya oili imezimika, chungulia chini. Oili ya zamani iliyobaki pembeni haina madhara, kwani oili za injini zenye viwango hutengenezwa ziweze kuchanganyika. Kwa hiyo pia ukiwa safarini Karuma na sintetiki huipati, ongeza ya kawaida yenye namba ile ile uende zako. Na mwezi ujao fedha zikipungua, kurudi kwenye ya kawaida si mwiko.

Oili hiyo ya kwanza usiimalize muda wake. Imwage baada ya kilomita 2,000 au 3,000, kwa kuwa itakuwa imebeba uchafu wa miaka. Katika siku hizo kijiti kisomwe kila juma bila kukosa. Tone jipya likionekana, haina maana kwamba sintetiki imetoboa sili. Sili ilikwisha choka, na uchafu ndio uliokuwa umeziba.

Muuzaji atakwambia kwamba sasa utakwenda kilomita 10,000 au 15,000 pasipo kubadilisha. Hapa fanya hesabu yako mwenyewe. Toyota huko Japani husema kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na turbo, lakini ikiwa gari latumika kwa shida, yaani katika vumbi, safari fupi fupi au kusimama sana, nusu yake: 7,500 au miezi sita. Maisha ya gari letu ndiyo hayo ya shida. Tena mita ya gari huhesabu kilomita, haihesabu foleni. Gari liendalo mjini kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, likitimiza kilomita 5,000 injini yake imefanya kazi saa 333. Linalosafiri Kampala na Gulu kwa wastani wa kilomita 60 limefanya saa 83 tu. Mita zasema sawa, ilhali moja limechoka mara nne zaidi.

Tuchukue injini ndogo ya Toyota ya 1NZ, inayomeza lita 3.7 pamoja na filta. Ukibadilisha oili ya kawaida kila kilomita 5,000, katika kilomita 15,000 utanunua lita 11.1 na filta tatu. Ukibadilisha sintetiki kila 7,500, utanunua lita 7.4 na filta mbili. Ikiwa lita ya sintetiki inauzwa kwa zaidi ya mara moja na nusu ya bei ya kawaida, basi ukiondoa ile filta moja uliyookoa, hukuokoa shilingi dukani. Unachokinunua ni usafi na umri wa injini. Hilo laweza kustahili gharama kwa mtu anayetaka gari lake limfae miaka kumi mingine. Kwa anayekusudia kuliuza mwakani, sidhani.

Bei kubwa nayo huwaita walaghai. Makopo matupu yenye majina makuu huokotwa na kujazwa oili yoyote. Kwa hiyo mama, nunua oili mwenyewe katika duka lenye kutoa risiti, tazama muhuri wa kifuniko, wala usinunue iliyopimwa kutoka kwenye pipa ukaambiwa ni sintetiki. Simama pale inapotiwa. Kisha toboa kopo kwa msumari kabla hujaliacha. Fundi mwema hatakasirika.

Neno dogo kwa wenye pikipiki, maana nao wameanza kupewa masalia ya oili ya gari. Pikipiki nyingi zina klachi inayooga katika oili ile ile ya injini. Oili ya gari iliyotiwa viungo vya kupunguza msuguano yaweza kuifanya klachi iteleze, pikipiki ikanguruma bila kwenda, pengine katikati ya mlima na abiria nyuma. Ya pikipiki hiyo iwe na alama JASO MA, iwe sintetiki au isiwe.

Ikabaki oili chafu iliyomwagwa. Wengi wetu huipaka nguzo za nyumba ili kuzuia mchwa, au huimwaga nyuma ya gereji. Idara ya Marekani ya kulinda mazingira husema kwamba oili ya gari moja, iliyomwagwa mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Nasi wengi twateka maji katika visima na chemchemi. Oili iliyotumika ina masizi na madini yenye sumu, na kuigusa kila siku kwa mikono mitupu kwaweza kuleta maradhi ya ngozi, hata saratani. Sintetiki nayo ikishatumika ni hivyo hivyo. Usiihifadhi katika dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia, kwa kuwa mtoto au mgeni hatajua tofauti. Iwe na dumu lake, limeandikwa kwa herufi kubwa, likae mbali na jiko na mbali na mkono wa mtoto mpaka litakapopelekwa gereji yenye pipa la kukusanyia.